Safari Elfu Moja Mia Tano na Sitini

Jumatatu, 4 Novemba. Sumbawanga

Leo mfumo wangu umezinduliwa. Naanza kuandika siku hii makusudi, ili msimu ukiisha niwe na kumbukumbu ya jinsi mimi, Epifania, mtoto wa wakulima wa Chala, nilivyouhamisha ushirika mzima kutoka kwenye madaftari hadi kwenye kompyuta.

Ukumbi wa ofisi ulijaa wenyeviti wa vikundi vya vijiji. Meneja Isdori alinipa nafasi ya kuonyesha. Nikafungua orodha ya kijiji cha Kalembe, chenye wanachama wengi kuliko vyote, mia tatu na kumi na wawili. Nikabonyeza Thibitisha, kwa majaribio. Wote wakaingia, kila mmoja na mbegu yake na mbolea yake ya kupandia, na hati ya kutolea mifuko ghalani ikachapwa. Sekunde kumi na sita. Makofi yakapigwa.

Mwishoni mama mmoja akanyoosha mkono. Ni Valeria, karani wa ghala letu la Laela, ana miaka ishirini na kitu pale. Akauliza, "Kule kwetu mtandao unasuasua. Orodha ndefu kama hiyo itakuwaje?"

Nikamjibu, "Mama, wewe bonyeza tu, halafu usiguse kitu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumatano, 6 Novemba

Upepo na vumbi kutwa. Mawingu yanakuja, yanatuchungulia, yanaondoka.

Ijumaa, 8 Novemba

Meneja ameagiza vitabu vya zamani vya hati vikusanywe kutoka maghala yote. Kuanzia Jumatatu hakuna mfuko utakaotoka bila hati ya kompyuta. Wazo lilikuwa langu. Nilimwambia watu wakiachiwa daftari hawatajifunza.

Jumatatu, 11 Novemba

Maghala yamefunguliwa. Chala wamepiga simu kushukuru, vijiji vyao ni vidogo na vyote vimepita kabla ya saa nne asubuhi.

Laela hakuna raha. Mama Valeria amepiga mara tatu. Orodha ya Kalembe inazunguka kwenye kioo, inazunguka, kisha inakata na kurudi mwanzo, hakuna hata jina moja lililoingia. Hilo la kurudi mwanzo nililiweka mwenyewe kwa usalama: ama kijiji kizima kiingie, ama asiingie mtu. Nimemwambia bila shaka anafunga ukurasa katikati. Amesema hafungi. Nikamwambia ajaribu tena.

Jumanne, 12 Novemba

Kalembe bado. Watu wake walirudi makwao na mikokoteni mitupu jana, leo wamekuja tena.

Kijiji cha Nsila, chenye watu arobaini, kimepita. Mama Valeria ameniambia, "Vidogo vinapita, vikubwa havipiti." Nikamwambia imetokea tu.

Jumatano, 13 Novemba

Amepiga nikiwa nakula. Akaanza, "Mwanangu, nimekaa nikahesabu, nikaona..." Nikamkatisha. Nilimwambia mambo ya ndani ya programu aniachie mimi, yeye ashughulike na kubonyeza.  Halafu akasema, "Haya," akakata simu.

Nilimaliza kula.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua! Imeanza saa nane mchana na mpaka naandika haijakoma. Bati la ofisi linapiga kelele hata simu husikii. Harufu ya udongo imeingia hadi ndani. Nyumbani Chala wamenitumia ujumbe kwamba kesho wanapanda.

Simu tano kutoka Laela. Mbili sikupokea.

Ijumaa, 15 Novemba

Meneja ameitisha wenyeviti haraka, maana wa upande wa Laela wamechachamaa. Mvua imeshuka, mashamba yamelimwa, mbolea ipo ghalani wanaiona kwa macho, na haitoki. Mama Valeria alipanda basi la alfajiri kuja. Aliketi pembeni, mkoba ukiwa mapajani.

Meneja akanigeukia mbele ya wote. "Epifania, tatizo liko wapi?"

Nilisimama. Niliunganisha kompyuta na ukuta mweupe, nikabonyeza orodha ileile ya Kalembe kwa majaribio, maana hati halisi hutoka kwenye kompyuta ya ghala husika tu. Sekunde kumi na sita. Nikasema, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema, "Mfumo hauna tatizo, mmeuona. Tatizo ni anayeutumia. Kuna watu umri umeenda, kompyuta zinawatisha, wanabonyeza ovyo."

Sikumtaja jina. Hakuna aliyegeuka kuangalia kwingine. Wenyeviti wote walimtazama yeye.

Mama Valeria aliinua kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake akumbuke kitu. Kisha akaangalia meza.

Meneja akasema mama apumzike nyumbani kwa muda, na Edwin wa ofisini aende Laela kuanzia Jumatatu. Mama akauliza, "Funguo za kabati nimwachie nani?" Akajibiwa amwachie mtunza ghala. Akasema sawa. Alitoka akiwaaga wazee mmoja mmoja, na mlango akaufunga taratibu.

Meneja alinipongeza kwa kujieleza vizuri.

Jumapili, 17 Novemba

Misa. Mvua. Samaki wa migebuka kutoka Kipili kwa chakula cha mchana, sikuisikia ladha yake.

Jumatatu, 18 Novemba

Edwin amepiga saa nne asubuhi. Edwin huyu ndiye anayetengeneza kompyuta za ofisi zikiharibika, mikono yake haitetemeki mbele ya kioo.

"Mshikaji, Kalembe haipiti."

Nikamwambia, "Usifunge ukurasa."

"Sijafunga. Nimekaa nimekunja mikono kabisa. Dakika kumi na moja, ikakata. Nimerudia, dakika nane, ikakata."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Nikamwambia nitakuja mwenyewe.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua kubwa. Barabara imefungwa na lori lililoteleza. Kesho naenda.

Jumatano, 20 Novemba. Laela

Nimekuja na Loth, dereva wa ushirika. Njia nzima kulia na kushoto watu wako mashambani, ng'ombe wamefungwa nira, familia zinapanda kwa mistari. Loth hakusema mengi. Alisema tu, "Wa Kalembe utawakuta ghalani."

Niliwakuta. Mikokoteni kama ishirini imepangwa nje ya ghala, ng'ombe wamelowa, watu wamejifunika mifuko ya nailoni. Mwenyekiti wao, mzee Leonsi, alikuwa chini ya upenu. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akaitika marahaba, akaniuliza habari za safari, akaniuliza habari za wazazi wangu Chala. Hii ni mara yao ya nne kuja. Hakulitaja hilo yeye, alinitajia mtunza ghala.

Nikakaa na Edwin. Nikabonyeza mwenyewe, mikono nikaiweka mapajani. Dakika tisa, ikakata, ikarudi mwanzo.

Basi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwezi Septemba. Niliituma amri moja tu kwenda kwenye seva yetu, kompyuta kuu iliyoko Dar es Salaam, nikapima inachukua muda gani kwenda na jibu kurudi. Karibu sekunde moja, pungufu kidogo, sehemu nane kati ya kumi. Ofisini Sumbawanga, kwenye waya mzuri, safari hiyohiyo ni moja ya mia ya sekunde. Huwezi hata kuihisi.

Kisha nikafungua programu yangu nikahesabu. Kwa kila mwanachama inatuma amri tano: mtafute, angalia shamba lake, mwandikie mgao, punguza akiba ya ghala, weka kumbukumbu. Inatuma moja, inasubiri jibu kutoka Dar, inatuma ya pili, inasubiri. Tano kwa mtu mmoja. Kwa Kalembe ni safari elfu moja mia tano na sitini, kwenda na kurudi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehamisha gunia la mahindi kwa kubeba punje moja moja. Karibu dakika ishirini na moja, na mtandao wa Laela hausimami dakika kumi na mbili bila kukatika. Orodha ile isingepita kamwe, hata angekaa nani pale kwenye kiti.

Nikamwomba mtunza ghala karatasi nipige hesabu upya, labda nimekosea. Akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari. "Andikia humu, ni la mama Valeria."

Nilifungua kutafuta ukurasa mtupu. Nikakuta mwandiko wake, umenyooka kama wa mwalimu. Ameandika tarehe, kijiji, idadi ya watu, na muda. Nsila, watu 40, dakika 2 na sekunde 40. Kijiji kingine, watu 95, dakika 6 na sekunde 20. Kingine, watu 140, dakika 9 na sekunde 20. Kalembe, watu 312, imekata. Imekata. Imekata. Mara kumi na moja, kila moja na saa yake. Chini amepiga mstari, akaandika: "Sekunde nne kwa kila mtu, daima. Hazipungui. Nadhani inawapeleka mmoja mmoja. Nimwambie Epifania."

Tarehe 13 Novemba. Siku niliyokuwa nakula.

Nimesoma chuo miaka mitatu. Yeye alikuwa na saa ya ukutani na kalamu. Alijua kilichomo ndani ya programu yangu wiki nzima kabla yangu, akanipigia simu kuniambia, nikamwambia ashughulike na kubonyeza. Kisha nikasimama mbele ya watu nikasema umri umeenda.

Nilipotoka nje mzee Leonsi aliniuliza, "Binti, tatizo ni nini hasa?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikasema, "Mtandao, mzee."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Poleni sana," akasema. Poleni, kwetu sisi.

Alhamisi, 21 Novemba. Laela

Nimelala kwa mtunza ghala na mkewe. Tangu saa kumi na mbili asubuhi nipo kwenye kompyuta.

Dawa yake si ngumu, na hilo linaniuma zaidi. Badala ya kutuma amri moja na kusubiri, unazikusanya nyingi katika fungu moja, unatuma mara moja, jibu linarudi moja. Kila mtu wa kazi hii anafundishwa. Nilifundishwa. Niliandika moja moja kwa sababu ni rahisi kuandika, na ofisini ilikuwa inakimbia, nikaona inatosha.

Asubuhi nilikuwa na kiherehere, nikazifunga zote elfu moja mia tano na sitini fungu moja. Likarudishwa lote. Kulikuwa na mwanachama mmoja ambaye namba yake imekosewa tarakimu, basi fungu zima likakataliwa, wala seva haikuniambia ni nani. Tulimtafuta mimi na Edwin kwa macho hadi saa saba.

Baada ya hapo nilitulia. Sasa watu hamsini wanakwenda kwa fungu moja. Fungu likifika salama linawekewa alama, mtandao ukikatika kazi inaendelea pale ilipoishia, hairudi mwanzo. Lenye kasoro linataja jina la mwenye kasoro, wenzake wanapita. Kwa Kalembe ni mafungu saba. Safari saba.

Kesho asubuhi tunabonyeza.

Ijumaa, 22 Novemba. Laela

Saa mbili na robo asubuhi. Sekunde kumi na tisa.

Hati ikatoka. Edwin alipiga meza kwa kiganja. Nje akina mama wakapiga vigelegele, mikokoteni ikaanza kusogea mlangoni mmoja baada ya mwingine, mifuko ikipakiwa huku mvua ikinyesha, watu hawajali. Mpaka saa sita vijiji vyote vikubwa vilivyokwama vilikuwa vimepita.

Mzee Leonsi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu, yenye udongo kwenye mistari ya viganja. Akanishukuru kwa Kiswahili, kisha akanishukuru kwa Kifipa, kama vile moja haikutosha. Akasema Mungu akubariki, umeacha ofisi yako ukaja kutusaidia kwenye matope.

Nilisema asante.

Meneja amepiga simu. "Umetuvusha, Epifania. Edwin atabaki hukohuko, kumbe palihitaji kijana tu." Nilijua hapo ndipo pa kusema. Nilisema asante. Leo nimesema asante mara nyingi mno.

Jumapili, 24 Novemba

Misani sikwenda kukomunika.

Jumanne, 26 Novemba

Edwin anasema wa Kalembe kumi na tisa walikuwa wamechoka kusubiri, wakapanda mbegu zao za akiba bila mbolea mvua ya kwanza ilipoanguka. Waliosubiri wamepanda wiki hii. Udongo umeshiba maji, mbegu nyingine zinaoza.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeingia kwa meneja nikamweleza kila kitu. Safari, mafungu, daftari la mama Valeria. Alisikiliza akizungusha kalamu.

"Lakini sasa inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi yamepita. Ukianza kutangaza kwamba kosa lilikuwa la mfumo, mwakani nani atauamini? Mama Valeria nitamtafutia kitu, hata huko ghala la mbegu. Wewe nenda kafanye kazi."

Nilipofunga mlango wake nilisikia mwili umekuwa mwepesi. Niliona nimeshasema, nimeambiwa ninyamaze, kwa hiyo si juu yangu tena. Nilifika hadi kwenye kiti changu nikiwa mwepesi hivyo. Nilipokaa ndipo nikajionea aibu kuliko siku zote.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda kwa mama Valeria. Anakaa nje kidogo ya Laela, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye maua ya njano mlangoni. Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, anarudishia mahindi pale ambapo mbegu hazikuota.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Epifania. Karibu. Njia imekuwaje na matope haya?"

Alininawisha, akanipa uji wa ulezi na kiti kizuri, yeye akakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye basi, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mama, ulikuwa sahihi. Ilikuwa inawapeleka mmoja mmoja. Nimeona daftari lako."

"Kumbe uliliona." Akakoroga uji wake. "Nilifikiri hivyo, lakini sikuwa na hakika. Nilijiuliza, mbona sekunde hazibadiliki, watu wakiwa wengi au wachache? Sasa umefanyaje?"

Nikamweleza mafungu. Alisikiliza kwa makini, akauliza kwa nini hamsini, kwa nini si mia. Nikamwambia fungu likiwa kubwa sana na mtandao ukakata katikati, unapoteza kazi nyingi. Akasema, "Sawasawa," kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi. Kwa dakika hizo chache nilisahau kilichonileta. Kisha akaweka kikombe chini.

"Haya. Nini kingine?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mama."

 Mvua ilikuwa imeanza manyunyu, akainuka akaanua nguo kwenye kamba, akazikunja moja moja, akarudi.

"Umewahi kwenda dukani," akasema, "watu wakanyamaza ulipoingia? Mimi nimehudumia vijiji vile tangu mwanangu wa kwanza ananyonya. Sasa nikipita wanasema, ndiye yule mama aliyetuchelewesha, kompyuta ilimshinda. Jirani yangu ni wa Kalembe. Hajaniamkia tangu siku ile."

"Nisamehe."

"Ulinisema wapi?"

"Ukumbini."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wenyeviti."

"Basi hapa nyumbani kwangu hakuna mwenyekiti hata mmoja." Hakupandisha sauti. "Uji utapoa, kunywa. Ukimaliza nitakusindikiza barabarani, basi la mwisho hupita saa tisa."

Akanisindikiza kweli, na mwavuli wake akanifunika mimi.

Jumatatu, 2 Desemba

Mkutano wa wenyeviti ni tarehe 13. Nimemwambia meneja nitazungumza. Amesema nifikirie ajira yangu.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua. Mama yangu kapiga simu kutoka Chala, anasema majirani wanamsifu kwa ajili yangu. Nilimwambia asubiri kwanza kusifiwa. Akadhani namfanyia utani.

Jumanne, 10 Desemba

Nimeandika hotuba kurasa mbili. Nimeichana. Ilikuwa na neno "changamoto" mara sita.

Ijumaa, 13 Desemba

Walikuwa wenyeviti thelathini na wanne. Nilikuwa nimemtumia mama Valeria ujumbe tangu Jumatatu, hakujibu. Nilipoingia alikuwa ameketi palepale pembeni, mkoba mapajani, kitenge kipya.

Meneja alipita ajenda haraka haraka, akaniruka. Nikanyoosha mkono. Akajifanya haoni. Ndipo mzee Leonsi akasema, "Mwenyekiti wa kikao, binti ananyoosha mkono."

Nilisimama bila kompyuta. Nikashika mgongo wa kiti cha mbele yangu.

Nikasema, "Wazee wangu, mwezi uliopita nilisimama hapa nikawaambia mfumo hauna tatizo, tatizo ni anayeutumia. Nilimaanisha mama Valeria, na nyote mlijua. Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini sikutaka kujua. Yeye alipima kwa saa akagundua kosa, akanipigia kuniambia, nikamkatisha. Kosa lilikuwa langu. Niliandika programu ikatuma jambo moja moja hadi Dar na kusubiri jibu, mara elfu moja mia tano na sitini kwa Kalembe peke yake, wakati ingeweza kwenda mara saba. Niliijaribu hapa mjini tu. Sikuwahi kuijaribu Laela. Mama Valeria hakubonyeza ovyo hata siku moja."

 Mvua tu juu ya bati.

Mzee Leonsi akainuka polepole. "Siku ile ghalani nilikuuliza tatizo ni nini. Ukaniambia mtandao."

"Ndiyo, mzee. Nilikuwa nimeshajua. Nilikudanganya."

"Nikakushukuru."

"Ulinishukuru."

 "Watu kumi na tisa kwangu wamepanda bila mbolea. Wengine walisubiri, mbegu zikaozea chini. Mimi mwenyewe nilisubiri, maana nilisema mwenyekiti asitangulie watu wake." Akanitazama. "Siku zile kumi na moja utaturudishia?"

"Siwezi, mzee."

"Najua huwezi. Nilitaka useme."

Akakaa. Sijawahi kupigwa na mtu mzima, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa.

Meneja uso ulikuwa umemkauka. Akageukia pembeni, labda ili apate pa kutokea. "Mama Valeria, una la kusema?"

Alisimama, akanyoosha kitenge. "Nina swali moja la kazi. Mbolea ya kukuzia inatoka lini? Maana orodha za vijiji vitatu zina majina yaliyojirudia, nililiona tangu Oktoba, na mimi nimewekwa nyumbani mwezi mzima."

Mtu mmoja akacheka, kisha ukumbi mzima. Safari hii hawakumcheka yeye. Mwenyekiti mmoja kutoka nyuma akasema, "Huyo arudi kwenye kiti chake leo leo!" Wengine wakaitikia. Meneja akasema litashughulikiwa. Wakamwambia hapana, liandikwe. Likaandikwa.

Nje kwenye ngazi nilimsogelea, machozi yamenijaa.

"Usinililie hapa," akasema. "Bado sijafika huko kwenye kusamehe. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Akanitajia makosa mengine saba ya programu yangu, moja baada ya jingine, nami nikaandika nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 16 Desemba

Barua ya onyo. Nimeisaini. Pia kuanzia sasa hakuna badiliko lolote la mfumo litakaloanza kutumika kabla ya kujaribiwa Laela na karani wa Laela. Sharti hilo ni la wenyeviti.

Jumatano, 25 Desemba. Chala

Noeli nyumbani. Nimemweleza mama yangu yote. Ameuliza kama yule mama wa Laela ana watoto wa kumsaidia kupalilia.

Alhamisi, 2 Januari. Laela

Mbolea ya kukuzia imeanza kutoka. Mama Valeria alikuwa kwenye kiti, mimi nyuma yake. Majina yaliyojirudia tulikuwa tumeyasafisha. Kalembe, sekunde kumi na saba. Aliandika kwenye daftari lake hata hivyo.

Jirani yake wa Kalembe alikuja na mkokoteni. Alimwamkia. Mama akaitika, akampa hati, akamwita mtu wa nyuma yake, "Anayefuata." 

Jumatano, 8 Januari

Palizi. Mvua za wastani. Hakuna cha kuandika.

Jumanne, 14 Januari

Amekuja mtaalamu wa mazao kutoka Mbeya, Bwana Beda, kukagua mashamba ya wanachama na kuandika ripoti. Meneja alinituma nimsindikize kwa sababu najua orodha. Loth aliendesha.

Tulipokaribia Kalembe jua lilikuwa limetoka baada ya siku nne. Kushoto mwa barabara kuna shamba la mtu aliyekuwa na akiba ya mbolea ya mwaka jana, mahindi yamefika kifuani, kijani kibichi hadi yanaelekea weusi. Kulia, hatua chache tu kuvuka barabara, mahindi yanafika magotini. Ya njano. Mapengo kila mahali, na palipo na mapengo udongo umechimbwa upya na kupandwa maharage.

Bwana Beda alimwomba Loth apunguze mwendo, akateremsha kioo. "Hapa ndipo unapoona tofauti kati ya mkulima na mvivu," akasema. "Udongo mmoja, mvua moja. Huyu wa kulia alilala tu nyumbani."

Loth alinitazama kwenye kioo cha juu. Shamba la kulia ni la mzee Leonsi. Alijua, na mimi nilijua.

Bwana Beda alikuwa ameshafungua daftari, anaandika.

Nikasema, "Samahani, Bwana Beda. Hakulala nyumbani. Alikuja ghalani na ng'ombe wake mara tano, hata kwenye mvua, na mbolea ilikuwepo. Programu niliyoiandika mimi ndiyo iliyomchelewesha siku kumi na moja."

Aligeuka akanitazama, kalamu ikiwa imesimama. Loth akasimamisha gari kabisa.

"Unataka niandike hivyo? Hii ripoti inasomwa hadi mkoani."

"Andika hivyo hivyo."

 Kisha akaukata mstari aliokuwa ameuandika, akaanza mwingine, na akiwa ameinamia karatasi akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nikamtajia, herufi moja moja, mpaka mwisho.